HELA YA MTOTO NI YA MTOTO

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Tumesimama mbele yenu kwa jambo moja. Kila malipo ya korosho yanapotoka, tunasikia wazazi wakilalamika: "Watoto wa siku hizi hawajui thamani ya hela." Sisi wa Tawi tumelichunguza neno hili, na hatuna budi kusema kweli. Watoto wanajua. Wenye kasoro ni sisi wakubwa.

Yupo kijana wetu mmoja wa darasa la tano, jina lake hatulitaji. Bibi yake alimpa tetea mmoja. Akatunza, akauza mayai, akauza na majogoo mawili, hela akawa anatia kwenye kibubu chake cha kopo. Zikafika shilingi 18,000. Alikuwa anatafuta viatu vya shule. Basi vibarua wa kufyekea shamba walipodai chao, baba akapasua kibubu, akasema, "Tutarudisha korosho zikilipwa." Korosho zikalipwa, hela haikurudi. Juzi kijana kauza kuku mwingine, akaimaliza hela yote gulioni siku hiyo hiyo: soda, maandazi na mpira wa plastiki. Alipoulizwa, akajibu: "Ningeiweka, wangeikopa."

Jamani, mkutanoni watu walicheka, halafu pakawa kimya. Nani kati yetu ana mikono safi? Hata sisi viongozi tumeshagusa vibubu vya watoto wetu. Malipo yetu yakichelewa wiki mbili tu, tunapiga kelele, tunaonyesha stakabadhi, tunataka mkutano wa dharura. Mtoto naye akadai wapi? Ofisi yake iko wapi?

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ishike mambo haya matano.

Kwanza, mtoto awe na hela inayojulikana kuwa ni yake, hata kama ni kidogo. Hatusemi aache shule akatafute fedha, la hasha. Kuku wawili nyuma ya nyumba wanatosha kumfundisha.

Pili, awe na daftari. Wengi wetu tumejua kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru. Kabla ya hapo tulikuwa tunatia dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua, na tukiambiwa hela ni hii, tunapokea hiyo hiyo na kushukuru. Tusiwarithishe watoto giza lile. Daftari liwe na mistari minne: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Tuseme kauza mayai 8 kwa shilingi 500 kila moja. Imeingia 4,000. Pumba ya kuku 1,000, kalamu na daftari 1,000. Imetoka 2,000, imebaki 2,000 ya kibubu. Jumamosi mzazi akae naye wahesabu pamoja. Kama mzazi hajui kusoma, basi mtoto amsomee, wote watafaidika.

Tatu, aachwe akosee. Akinunua mpira ukapasuka kesho yake, usimchape wala usimnunulie mwingine. Shilingi 2,000 ikipotea akiwa na miaka kumi, itamfundisha asipoteze milioni mbili akiwa na mke na shamba. Samaki mkunje angali mbichi.

Nne, na hapa ndipo penye uzito: mzazi akikopa, aandike. Shida zipo, hatukatai, ugonjwa haubishi hodi. Lakini mtoto aombwe, deni liandikwe kwenye daftari lake pamoja na siku ya kulipa, na lilipwe siku hiyo. Akikataa, asitukanwe. Na hela ya mtoto iliyotiwa kwenye simu ya mzazi bila maandishi, hiyo siyo akiba. Siku mbili tu imekwishachanganyika na ya chumvi na sabuni, hakuna anayejua ya nani.

Tano, kibubu ni cha muda mfupi. Mchwa haujui noti wala jani. Tena tukumbuke mwaka 2025, Benki Kuu ilipotangaza kubadilisha noti za zamani, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili. Baada ya hapo noti hizo hazikuwa tena fedha halali. Aliyekuwa amefukia zake chini ya kitanda bila kusikia tangazo, akabaki na karatasi. Kwa hiyo akiba ikikua, ipelekwe benki. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hufunguliwa akaunti kwa jina lake, mzazi au mlezi akiwa msimamizi. Msimamizi, Ndugu, siyo mwenye mali. Na siku ya kwenda, nendeni na mtoto mwenyewe aone dirisha la benki lilivyo.

Ndugu wanachama, watoto hawa ndio watakaoshika vitabu vya ushirika huu sisi tukiwa tumechoka. Aliyefundishwa nyumbani kwamba mkubwa huchukua bila kuandika, ndivyo atakavyofanya na hela zenu. Aliyezoea daftari atawasomea hesabu hadharani bila kutetemeka.

Baba wa yule kijana alikuwepo mkutanoni. Alisimama mwenyewe, bila kuitwa, akasema deni ni 18,000 na atalipa msimu huu. Tumempigia makofi. Wengine tulio na madeni ya namna hiyo, tuanze leo jioni.



Katibu wa Tawi