Moyo Nao Hujeruhiwa

Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, wakavamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Waliua watu na kuchoma nyumba. Mwenye jeraha la risasi anajulikana pa kupelekwa. Je, yule aliyeona jirani yake akiuawa, na hadi leo mlango ukibamizwa huruka kitandani, apelekwe wapi?

Hapa kwetu, kutoka Mikindani hadi Msimbati, majibu ni mengi. Huyu atasema ana pepo, apelekwe kwa mganga akapungwe. Yule ataita shehe asome kisomo, au padri amwombee. Hospitali ya Ligula mara nyingi hukumbukwa mwisho, mgonjwa akiwa tayari kafungwa kamba.

Tusiwacheke ndugu zetu. Mganga ana kitu ambacho daktari mwenye foleni ndefu hana, nacho ni muda. Huuliza habari za nyumba nzima, na husikiliza. Kule Vienna, Austria, kati ya mwaka 1880 na 1882, mgonjwa wa Dakta Josef Breuer aliona kwamba akisimulia yaliyomsibu hupata nafuu. Ndipo ilipochipukia tiba ya mazungumzo wanayoitumia wataalamu hivi leo.

Hata hivyo, kusikiliza kuna mpaka wake. Kifafa hakiondoki kwa ngoma. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayetaka kujiua, anahitaji daktari upesi. Na kamba si dawa.

Wenzetu wa Zimbabwe wamepata njia. Mwaka 2006, jijini Harare, Dakta Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kubwa.

Mtwara bibi tunao. Makungwi wetu wanajua kufunza na kutunza siri. Basi nao wafundishwe kusikiliza, na kutambua mzigo uliowazidi ili waupeleke Ligula. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Bibi yuko nyumba ya pili.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.