Nyumba Njema si Mlango

Wasikilizaji, wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Maana yake ni kuwa mtu hawezi kuijua nyumba kwa kusimama nje. Sharti aingie ndani na kukaa. Neno hili lamfaa kila mtu atakaye kuhama na jamaa zake, na zaidi yule aendaye kukaa katika nchi ya watu wengine. Wamisionari wengi, kabla ya kuhamia ng'ambo, hufanya kwanza safari fupi ya kuitazama nchi watakayoishi. Safari ya namna hiyo ilifanywa zamani katika pwani ya Kenya, na habari zake zastahili kukumbukwa.

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1810 na kutumwa na chama cha misheni cha Uingereza, C.M.S. Kwanza alifanya kazi Uhabeshi, na alipozuiwa huko mwaka 1842 alitafuta njia nyingine ya kuwafikia Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo. Alidhani njia hiyo yapatikana kwa kupitia pwani ya Afrika ya Mashariki. Basi yeye na mkewe, Bibi Rosine, wakasafiri baharini kutoka Aden, wakafika Unguja mwezi wa Januari 1844.

Huko Krapf alipelekwa mbele ya Seyyid Said na Kapteni Hamerton, balozi wa Uingereza. Seyyid alimpokea kwa heshima, akampa barua ya kuwaagiza maliwali wake wa pwani wamtendee mema mgeni huyo. Hapa pana jambo la kwanza la kuangaliwa. Krapf hakuingia Mombasa kama mtu anayeokota kitu njiani. Alianza kwa kumwomba ruhusa mwenye mamlaka.

Mwezi wa Machi 1844 alikwenda Mombasa kuutazama mji, na mkewe akabaki Unguja. Mambo mengi yalimpendeza. Bandari ilikuwa nzuri. Watu wa mji walimpokea kwa upole. Na zaidi ya yote, bara ilikuwa karibu sana, hata ng'ambo ya maji yalionekana makao ya Wanyika, ambao siku hizi hujulikana kwa jina la Wamijikenda. Akaona kwamba hapo ndipo mahali pa kukaa. Akarudi Unguja kumchukua mkewe, na mwanzoni mwa Mei wakahamia Mombasa.

Lakini Krapf aliuona mji huo mwezi wa Machi, wakati kaskazi inapokwisha na mvua kubwa bado kuanza. Aliporudi na mkewe, aliyekuwa na mimba, masika yalikuwa yameingia. Mtu aionaye nchi wakati wa kiangazi hajaiona nchi yote.

Siku za kwanza zilikuwa za kazi njema. Katika mwezi wa Juni Krapf, akisaidiwa na kadhi mmoja Mwislamu aliyekaa mjini, alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Kisha, mwanzoni mwa Julai, homa ikaingia nyumbani. Krapf mwenyewe aliugua sana. Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye pia akashikwa na homa. Tarehe 13 Julai akafariki, na baada ya siku chache tu mtoto akamfuata mama yake. Miezi miwili na zaidi kidogo ilikuwa imepita tangu wahamie. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kama mama alivyotaka.

Kwa jinsi ugonjwa ulivyoelezwa, yaelekea ulikuwa malaria. Katika siku hizo hakuna aliyejua asili yake. Wazungu wengi walidhani homa yaletwa na hewa mbaya ya mabondeni. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, kule Bara Hindi, alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Basi Krapf, hata angalitazama kwa makini namna gani, asingaliweza kumtambua adui aliyekuwamo nyumbani mwake.

Hata hivyo hakuiacha nchi. Safari hii hakufanya haraka. Kwa muda wa miaka miwili alitembea katika vijiji vya Wanyika, akisema na wazee wao na kujifunza maneno yao. Mwezi wa Juni 1846 mwenzake, Johannes Rebmann, aliwasili. Wazee wa Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, walipokwisha kukubali, wawili hao wakahamia huko tarehe 25 Agosti 1846. Wote wawili walikuwa na homa siku hiyo, na punda alikuwa mmoja tu.

Rabai nako homa haikukosekana, kwa maana vilima vile si virefu vya kuwazuia mbu. Lakini makao yale yalidumu. Rebmann alikaa huko mpaka mwaka 1875, karibu miaka 29. Naye Krapf alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Maneno yaliyomo hakuyapata kwa kuitazama nchi mara moja. Aliyapata kwa kukaa na wenyeji na kuwasikiliza.

Basi, mtu akitaka kuitazama nchi atakayohamia na jamaa zake, asiishie kuitazama nyumba na mandhari yake. Aulize mvua hunyesha miezi gani, na maji husimama wapi zikiisha kunyesha. Aulize maradhi ya mahali hapo, na hospitali iko umbali gani, hasa ikiwa mkewe ni mjamzito au watoto wangali wachanga. Chandarua na shauri la daktari vipatikane kabla ya kufunga mizigo. Aulize pia ni nani mwenye ardhi, na kama wazee wamekubali kwa moyo. Tena inafaa mke asiachwe nyuma wakati wa kutazama, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshinda humo mchana kutwa, na huenda akauliza neno ambalo mume hakulifikiri.

Kaburi la Bibi Rosine na mtoto wake lingaliko Mombasa, upande wa bara, na huko Rabai kuna jumba la makumbusho lenye habari za Krapf. Apitaye huko na aende akayaone yote mawili, kwa kuwa historia ya makao yale ya Rabai haikuanzia vilimani. Ilianzia penye kaburi hilo.