Watoto wa rika mbalimbali kwenye meza moja: tuchague masomo gani ya Kikristo?

(Mazungumzo yaliyotolewa huko Bunyakiri mbele ya wanachama wa mutualité na wageni wao. Tunayatoa karibu sawa na yalivyosemwa.)

Kamati imeniomba niseme juu ya jambo moja tu, basi sitazunguka.

Swali ni hili: watoto wanaosomea nyumbani ao kanisani wafuate programu gani ya Kikristo, wakati rika zao hazilingani? Si swali la kupitisha wakati. Kuna marafiki wa ng'ambo waliouliza kama watununulie masanduku ya vitabu vya Kikristo, vile ambavyo familia za kwao zinatumia kufundishia watoto nyumbani. Wanataka jibu letu, na pesa ni ile moja: ikienda kwenye masanduku, haitakwenda penginepo. Kwa hiyo tufikiri pamoja mbele ya kujibu.

Tuanze na watoto wenyewe

Tangu vita vya 1996, njia hii yetu ya Bukavu kwenda Hombo imeona watu wakikimbia na kurudi, mara mbili, mara tatu. Wengine walikimbilia Kavumu na Bukavu. Wengine walijificha porini. Wengine walivuka mpaka. Na kila mahali mtoto alipopita, alijifunza kitu tofauti. Aliyekaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alifuata programu ya Congo, kwa Kifaransa. Aliyekaa Nakivale, Uganda, alifuata programu ya Uganda, kwa Kiingereza. Aliyebaki porini anajua kulima, kubeba na kusikiliza mlio wa risasi uko mbali kiasi gani, lakini kaye hajaishika.

Halafu wote wanakutana ndani ya nyumba moja. Mama mmoja wa hapa aliniambia hivi: "Miye niko na batoto tano. Mukubwa iko na miaka kumi na ine lakini anasoma sawa wa kumi. Wa kumi anajua Kiingereza, Kifaransa hapana. Mudogo hajaanza. Sasa nitauza vitabu ngapi?" Mnajua kwetu "kuuza" maana yake ni kununua, na kununua ndiko kunakomshinda.

Mama huyo ameeleza shida yote kwa maneno machache. Programu nyingi zimetengenezwa kwa darasa moja la watoto wa umri mmoja. Sisi tuna watoto watano wa hatua tano, mtu mzima mmoja wa kufundisha, na shamba linalomngoja.

Biblia na diplome hazipigani

Wazazi wengine wanafikiri ni lazima kuchagua: ao mtoto afuate masomo ya serikali, ao afuate masomo ya Kikristo. Sivyo.

Katiba yetu ya 2006, artikle ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za serikali. Artikle hiyohiyo inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwalea watoto wao kimasomo. Artikle ya 45 inaruhusu shule, kwa ombi la wazazi, kuwafundisha watoto dini inayopatana na imani ya nyumbani kwao, kwa kushirikiana na viongozi wa dini.

Na hata mbele ya katiba hiyo tulikuwa na njia. Wazee mnakumbuka serikali ya Mobutu ilivyochukua shule za makanisa katika 1974. Haikuchukua muda, na Februari 1977 serikali ikaandikiana mkataba na makanisa ili yasimamie shule tena. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "shule konvansione": za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbanguiste. Programu ni ya taifa, mtihani ni wa taifa, na kanisa ndilo linasimamia na kufundisha dini. Wengi wenu mlio hapa mlisoma hivyo. Mlijua Zaburi, mkajua na conjugaison.

Njia tatu zilizo mbele yetu

Njia ya kwanza ni masanduku ya kutoka ng'ambo. Nichukue mfano mmoja unaojulikana sana, ACE, programu iliyoanzishwa Texas, Marekani, katika 1970. Inatumiwa na shule za Kikristo na familia katika inchi nyingi. Kila somo limekatwa katika vijitabu vidogo, 12 kwa mwaka. Mtoto anapimwa kwanza, kisha anaanzia pale alipofikia, si pale miaka yake inapotaka. Anasoma peke yake, anajisahihisha, anaendelea. Wazo hilo la kumpima mtoto kwanza ni zuri sana, na nitalirudilia.

Lakini tuangalie upande mwingine. Vijitabu vingi ni vya Kiingereza. Mtoto anaandika ndani yake, basi mdogo wake hawezi kuvitumia tena; kila mtoto na vyake, kila mwaka vipya. Kusoma peke yake kunadai mtoto awe tayari anajua kusoma, na wa kwetu wengi ndicho wanachokosa. Na mwisho wa yote, mtoto wa Bunyakiri anangojewa na mtihani wa taifa wa kumaliza primaire, ENAFEP, ambao wengi bado tunauita TENAFEP. Mtihani huo ni wa Kifaransa na unafuata programu ya Congo.

Njia ya pili ni kufundisha Biblia tu, sawa shule ya Jumapili, lakini siku zote. Najua inatoka katika moyo mwema. Mtoto aliyeona vita anahitaji kusikia kwamba Mungu hakumtupa. Lakini mtoto wa miaka 12 akitoka hapo anaimba vizuri na hajui kugawanya, tumemfungia mlango. Kesho atapimiwa mihogo sokoni na mtu anayejua kuhesabu kuliko yeye.

Njia ya tatu ni programu ya taifa iliyofupishwa, ikifundishwa ndani ya nyumba ya imani. Serikali yetu inayo programu hiyo. Ni ile ya vituo vya ratrapaji, CRS, kwa watoto waliopita umri wa kuanza ao walioacha masomo. Miaka sita ya primaire inafanywa katika hatua tatu, mwaka mmoja kila hatua: ya kwanza na ya pili pamoja, ya tatu na ya ine pamoja, ya tano na ya sita pamoja. Mtoto akimaliza hatua ya tatu, anaweza kuingia katika mtihani wa taifa.

Mimi nasimama upande wa njia hii ya tatu. Hatua tatu ni nyepesi kupanga kuliko madarasa sita. Na Biblia inaingia humo bila kubanwa.

Chakula kimoja, sahani mbalimbali

Mtaniuliza: watoto watano, mwalimu mmoja, inawezekanaje? Fanyeni sawa mama anavyogawa chakula. Sufuria ni moja, lakini sahani ya mdogo si sahani ya mkubwa.

Kuna masomo ya sufuria moja: Biblia, nyimbo, historia, jiografia, afya, mambo ya shamba na ya mazingira. Hayo watoto wote wanayasikia pamoja. Na kuna masomo ya sahani: kusoma, kuandika, hesabu na Kifaransa. Hayo kila mtoto anapewa kwa hatua yake.

Chukueni habari ya mikate mitano na samaki wawili. Injili zote ine zinaisimulia. Mnaisoma mara moja, kwa Kiswahili, wote wakisikiliza. Kisha mdogo anahesabu kwa mawe: mikate mitano na samaki wawili ni saba, na anaandika herufi m ya mkate. Wa katikati anachukua vikapu 12 vilivyobaki: kama kila kikapu kina vipande 15, vyote ni ngapi? 180. Anaandika sentensi tatu za Kiswahili juu ya yule mtoto aliyetoa chakula chake. Mkubwa anafungua Marko 6, anakuta watu waliketishwa kwa makundi ya mia na ya hamsini. Wanaume 5,000, tukiwapanga wote hamsini hamsini, ni makundi 100. Kisha anasimulia habari ile kwa Kifaransa, mistari mitano. Kitabu ni kimoja, asubuhi ni moja, na hatua zote tatu zimefanya kazi. Gharama ni Biblia, ubao, chaki na mawe.

Ao chukueni kitabu cha Ruthu. Naomi alikimbia njaa, akakaa inchi ya kigeni karibu miaka kumi, akafiwa, akarudi kwao mikono mitupu. Nani hapa anahitaji kuelezewa habari hiyo? Ndani yake kuna safari ya kuchora kwenye karta, kuna mavuno, kuna sheria ya kuwaachia maskini masalio shambani. Hayo ni jiografia, kilimo na uraia.

Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi. Mtoto asome, mzazi aseme: nisimulie umesoma nini. Mtoto anayeweza kusimulia ameelewa. Na bibi anayejua hadithi za Kitembo ni mwalimu, msimwache jikoni.

Maswali matano mbele ya kukubali programu yoyote

Hata kama kesho mtu mwingine atawaletea programu nyingine, mwulizeni haya.

La kwanza: inampima mtoto kwanza? Usimwulize mtoto ana miaka mingapi. Mpe mistari mitano asome, mwambie aandike sentensi moja unayoitaja, mpe hesabu ine: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Kwa nusu saa utajua hatua yake.

La pili: luga ni gani? Mdogo aanze kwa Kiswahili anachosikia, kisha Kifaransa kiingie polepole. Aliyetoka Uganda asichekwe kwa Kiingereza chake. Ni mali, akitunze.

La tatu: kitabu kitatumiwa na watoto wangapi, kwa miaka mingapi?

La ine: inaelekea wapi? Masomo ya nyumbani peke yake hayatoi karatasi. Kila kikundi kifungamane na shule iliyo karibu ao na CRS. Mwende kuona direkta na inspekta mwanzo wa mwaka, Septemba, si mwezi wa mtihani. Na bulletin yoyote mliyorudi nayo kutoka kambini, msiitupe, hata kama imelowa.

La tano: inamfundisha mtoto Mungu wa namna gani? Kuna vitabu na kuna mahubiri yanayomwambia mtoto kwamba vita vilikuja juu ya zambi zake, ao kwamba jirani wa kabila lingine ndiye adui wa Mungu. Hilo hapana. Wachungaji, hapa tunawategemea ninyi.

Neno juu ya wasichana wakubwa

Kuna jambo ninaloliona katika vikundi vingi. Msichana wa miaka 14 anajua kusoma kidogo, basi anapewa kuwafundisha wadogo. Anafanya vizuri, wote wanamsifu, na mwaka unapita. Wadogo wanapanda hatua, yeye amebaki palepale. Mwishoe anaambiwa amekuwa mkubwa sana kwa shule, aolewe. Mkubwa kusaidia mdogo ni kuzuri, lakini isipite saa moja kwa siku, na yeye apate saa zake za Kifaransa na hesabu na mtu anayemzidi. Programu ya Kikristo inayomtumia binti sawa ngazi ya wengine, mimi siioni kuwa ya Kikristo, hata ikiwa na Biblia kila ukurasa.

Jibu ninalopendekeza

Kwa marafiki wetu wa ng'ambo, naomba kamati iandike hivi: aksanti sana, upendo wenu tumeuona. Msitume masanduku. Pesa ile ya kununua na kusafirisha vitabu itupatie vitabu vya programu ya taifa vya hatua tatu, Biblia za Kiswahili, ubao, chaki, kaye na biki, na kitu kidogo cha kumtegemeza kila mwalimu wa kikundi, maana naye ana watoto wanaokula. Kitabu kimoja tu cha mazoezi kutoka kwenu tunaweza kukikubali, kwa ajili ya wale wanaojua Kiingereza, wasikipoteze.

Kwa wanachama: kabla ya kikao kinachofuata, kila familia imletee sekretere orodha ya watoto wake, si kwa miaka bali kwa hatua, baada ya kuwapima sawa nilivyosema. Hapo tutajua vikundi ni vingapi, walimu ni wangapi, na ni watoto gani wanaweza kusimama mbele ya mtihani. Bila orodha hiyo, hata marafiki wakituma pesa leo, tutanunua kwa kubahatisha.

Nimemaliza. Aliye na swali aanze. Na kama inawezekana, tuanze na wamama.