Mgawanyiko wa Siasa za Nchi na Umoja wa Mtaa Wetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa na Halmashauri ya kusema mbele ya Mkutano huu. Niliagizwa nieleze jinsi mgawanyiko wa siasa za nchi unavyoingia katika mitaa yetu, na jinsi unavyomwongoza mpiga kura pasipo yeye mwenyewe kutambua. Jambo lenyewe linatugusa leo hii. Mbele yenu liko shauri lililoletwa na baadhi ya wanachama, kwamba Mfuko wa Mazishi ugawanywe, watu wa kila kabila washike fungu lao. Sababu waliyoitoa ni kwamba tangu kampeni za mwaka 2022 watu hawaamkiani kama zamani, na ni heri kutengana kwa amani kuliko kukaa pamoja kwa kinyongo. Shauri hilo limeletwa kwa adabu, na walioleta ni watu wa heshima. Yafaa basi lijibiwe kwa adabu, na kwa mambo yaliyotukia kweli.

Mgawanyiko ulikotoka

Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Mwezi wa Juni 1953 chama cha KAU, kilichowakusanya Waafrika wa sehemu nyingi, kikapigwa marufuku. Serikali ya kikoloni iliporuhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika mwaka 1955, iliruhusu vyama vya wilaya tu, wala si chama cha nchi nzima. Na wilaya nyingi zilikuwa zimekatwa kwa kufuata makabila. Basi kwa muda wa miaka mitano mtu aliyetaka kupanda katika siasa hakuwa na ngazi nyingine ila ile ya watu wa kwao. KANU na KADU zilipozaliwa mwaka 1960, viungo vyake vilikuwa vimekwisha kuumbwa wilayani.

Tusiwadharau watu wa wakati ule. Waliomfuata Bwana Ronald Ngala, Bwana Masinde Muliro na Bwana Daniel arap Moi katika KADU walikuwa na hofu kwamba makabila makubwa yangeyameza madogo. Chini ya hofu hiyo lilikuwako swali la ardhi: walowezi wa Kizungu wakiondoka, ni nani atakayeyarithi mashamba ya Bonde la Ufa? Kwa ajili ya hofu hiyo KADU ilidai majimbo, nayo yakawekwa katika Katiba tuliyoingia nayo katika Uhuru, Desemba 12, 1963. Haukupita mwaka. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja kwa hiari yake, viongozi wake wakaingia katika KANU, na mwaka 1967 Bwana Moi akawa Makamu wa Rais.

Wakubwa walikuwa wamepatana. Lakini swali la ardhi, lililowagawanya wananchi, halikupatanishwa na mtu yeyote. Lilibaki mashambani, katika Molo, na Njoro, na Olenguruone, likingoja siku yake.

Hapo ndipo ninapopata neno langu la leo: ugomvi wa wakubwa hushuka upesi hadi mlangoni pa mtu mdogo, lakini mapatano yao hayashuki. Hubaki huko juu yalikotiwa sahihi.

Jinsi ugomvi unavyoshuka

Kwanza, hushuka kwa njia ya makao. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kiliondolewa, na vyama vingi vikaruhusiwa tena. Kwa uchaguzi wa 1992 iliwekwa sheria kwamba Rais sharti apate angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Na mtu hupiga kura pale alipoandikishwa. Kwa hiyo kumfukuza mtu shambani mwake kulikuwa pia kuifukuza kura yake. Mapigano yalianza Meteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba 1991, na mwaka uliofuata yakafika Molo na Olenguruone, karibu nasi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bwana Kennedy Kiliku iliripoti mwezi wa Septemba 1992 kwamba mapigano yale yalikuwa na mkono wa wanasiasa ndani yake. Majirani waliokuwa wameazimana jembe na ng'ombe wa kulimia waliambiwa kwamba mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni. Na maneno hayo, yakishatamkwa, hayafutiki kwa hotuba.

Pili, hushuka kwa njia ya alama. Katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, juu ya Katiba mpya, wapiga kura walipewa ndizi kuwa alama ya ndiyo na chungwa kuwa alama ya siyo. Chungwa likashinda. Ni wachache waliokuwa wameisoma Katiba yenyewe, lakini kwa muda wa miezi michache tu tunda likawa jina la kabila, na mtu akajulikana upande wake kabla hajafungua kinywa. Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa Desemba 27, 2007, mpasuko ule ule ulitupeleka mahali ambapo hapana mmoja wetu apendaye kupakumbuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi, na mamia ya maelfu wakayahama makao yao. Mwishoni mwa Januari 2008 mji wetu wa Nakuru nao uliwaka, na Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo ukawa kambi ya ndugu zetu waliokimbia.

Tatu, na hili latuhusu sisi kuliko yote, hushuka kwa njia ya vyama kama hiki chetu. Wazee wanakumbuka Luo Union, na umoja wa Abaluhya, na GEMA ya Wagikuyu, Waembu na Wameru iliyoanzishwa mwaka 1971. Vyama vya namna hii vilifanya kazi njema: kusafirisha maiti, kusomesha watoto, kumpokea kijana aliyefika mjini bila mwenyeji. Lakini maadam kila kimoja kilikuwa cha watu wa kabila moja au makabila ya jamaa moja, kilikuwa pia kapu lililokwisha kujaa kura, na mwanasiasa hakuhitaji ila kulibeba. Mwaka 1976 baadhi ya wakubwa wa GEMA walikuwa mstari wa mbele katika mwito wa kubadili Katiba, ili Makamu wa Rais asishike kiti Rais akifariki. Mwaka 1980 Serikali ikaamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Hata timu ya mpira ya Abaluhya ikabadili jina ikawa AFC Leopards. Mjane aliyetoa senti zake kwa ajili ya mazishi hakuwa na neno juu ya Makamu wa Rais. Lakini chama chake kilivunjwa pamoja na vingine.

Wazee wangu, tukiugawanya Mfuko wetu kwa makabila, tutakuwa tunatengeneza makapu yale yale kwa mikono yetu wenyewe.

Wakubwa hawakukaa walipotuacha

Na tutazame wale ambao kwa ajili yao tuliacha kuamkiana. Mwaka 2002 Bwana Raila Odinga alimuunga mkono Bwana Mwai Kibaki. Mwaka 2007 walishindana, na nchi ikamwaga damu. Tarehe 28 Februari 2008 walitia sahihi mapatano mbele ya Bwana Kofi Annan wakatawala pamoja. Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana William Ruto walikuwa pande mbili zilizopingana mwaka 2007. Mwaka 2013 walishinda uchaguzi wakiwa pamoja. Mwaka 2022 walikuwa wametengana, na Bwana Kenyatta akamuunga mkono Bwana Odinga, ambaye alishindana naye mara mbili na kupeana naye mkono tarehe 9 Machi 2018. Mwezi wa Machi 2025 Bwana Ruto na Bwana Odinga nao wakatia sahihi mapatano.

Sisemi haya kwa kuwalaumu. Kupatana ni jambo jema, na nchi isiyojua kupatana haiishi. Nasema tu kwamba nyumba iliyochomwa mwaka 2008 haikujengwa kwa kupeana mkono, na mama aliyemwachia jirani duka lake akakimbia hakurudishiwa duka wala jirani. Methali yetu yasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi walipogombana tuliliacha jembe. Walipopatana hatukuwa na cha kuvuna.

Mpiga kura na karatasi sita

Tangu uchaguzi wa 2013 mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Akina Mama, ya Mbunge, na ya Mwakilishi wa Wadi. Katiba ya 2010 iliweka kaunti 47, na kuamuru zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya nchi. Zahanati, masoko, shule za watoto wadogo, barabara za mitaa na kuondoa taka ni kazi za kaunti. Kaunti yetu ya Nakuru ina wadi 55. Maana yake ni kwamba mambo mengi yanayotusumbua kila siku yako katika mikono ya watu tunaoweza kuwajua kwa sura, na kuwafikia kwa miguu.

Lakini ni nini kinachotokea? Mwanasiasa mkubwa hutuomba tupige karatasi zote sita rangi moja, toka juu hata chini, nasi hutii. Mwakilishi wa Wadi huchaguliwa kwa sababu ya kofia aliyovaa. Halafu mtaro ukiziba na taka zikilundikana mlangoni, hatuwezi kumwuliza, kwa maana hakutuahidi kitu; aliahidi tu kumfuata mkubwa wake. Huo ndio mgawanyiko wa nchi katika kazi yake halisi: humnyang'anya mwananchi kura iliyo karibu naye kuliko zote.

Wako watakaosema kwamba mtu kumchagua wa kwao si ujinga. Nakubali. Mtu aliyeona kwa miaka mingi barabara na kazi zikifuata jina la aliyeko juu ana sababu ya kumtafuta mkubwa wa kwao. Lakini na tuulize kwa haki: katika mitaa yetu, je, watu wa kabila la aliyeko juu wananunua unga kwa bei nyingine? Vijana wetu waliliona hili mwezi wa Juni 2024, walipoupinga Mswada wa Fedha. Walitoka barabarani katika miji mingi, Nakuru pia, wakisema hawana kabila. Wengi waliuawa katika nchi, na Mswada haukutiwa sahihi. Twaweza kutokubaliana juu ya njia waliyoshika. Lakini swali lao lilihusu kodi na chakula, na kila nyumba ililielewa.

Mambo ya kufanya

Kwa idhini yako, Bwana Mwenyekiti, naleta mapendekezo manne.

1. Mfuko wa Mazishi usigawanywe. Najua methali iliyotajwa na wenye shauri lile: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ni methali ya kweli kijijini, ambako mzaliwa nawe yuko ng'ambo ya mto. Mjini, mtu akifariki usiku wa manane, mzaliwa naye yuko safari ya siku nzima, na anayebisha hodi kwanza ni jirani.

2. Mtu yeyote atakayegombea kiti cha siasa, au kuwa wakala wa mgombea, aache kwanza cheo chake katika Chama. Abaki mwanachama, haki zake zote zikiwa kamili.

3. Mgombea akitaka kuchangia, fedha zipokelewe na Mweka Hazina, ziandikwe kitabuni, na stakabadhi itolewe. Hotuba isiambatane nazo.

4. Kabla ya Uchaguzi Mkuu, ambao Katiba huuweka kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, wagombea wote wa wadi waitwe siku moja, waulizwe maswali yale yale juu ya zahanati, maji, taka na soko, na majibu yao yaandikwe. Baada ya mwaka mmoja majibu hayo yasomwe mbele ya Mkutano kama huu, yeye aliyeshinda akiwapo.

Mapendekezo haya hayamkatazi mtu siasa. Mwanachama na awe wa chama apendacho, na kama ana dai la haki, la ardhi au la kura, alitamke wazi. Amani ya kufumbana midomo haidumu. Lakini wenye kinyongo cha 2022 tusiwangojee wakubwa waje kuwapatanisha, maana hawatakuja. Walikwisha kupatana wao kwa wao, wakaenda zao. Kazi hii ni ya wazee wa mtaa, nyumba kwa nyumba, na yafaa ianze mwezi huu, kabla ya magari yenye vipaza sauti kurudi.

Shauri la kuugawanya Mfuko litapigiwa kura alasiri hii. Nawaomba wanachama walipime kwa utulivu, kisha kila mmoja ainue mkono kwa dhamiri yake, wala asitazame kwanza ni nani aliyeinua wa kwake.