Mwanafunzi Akija Darajani, Mpeni Kazi

(Hotuba ya msimamizi mstaafu wa ujenzi wa madaraja, aliyoitoa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia.)



Nimeombwa niongee juu ya wanafunzi wanaosomea uhandisi wa madaraja na majengo, wale wanaotumwa na vyuo vyao kufanya mazoezi ya kazi. Wenyewe wanaita atachimenti. Wengine wenu mnauliza: huyu kijana hajamaliza masomo, atatusaidia nini? Wengine mnasema: kwa kuwa yuko chuo kikuu, si atuchoree daraja bure? Nitajibu yote mawili, lakini kwanza niwaambie kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa 1997 nilikuwa nasimamia daraja la miguu la harambee. Watu walikuwa wametoa kuku, mahindi na siku zao za kazi. Akaja msichana mmoja mwanafunzi, akae nasi miezi mitatu. Siku ya pili akaniuliza, "Mzee, mafuriko ya 1961 yalifika wapi?" Mimi nikacheka. Nikamwambia, "1961 hata hukuwa umezaliwa. Enda utuletee maji ya simiti."

Alileta maji. Jioni akaenda kwa mama mmoja mzee aliyekaa karibu na mto, na yule mama akamwonyesha mti na mahali maji yalipofika. Msichana akapima. Alama ile ilikuwa juu kuliko sakafu ya daraja letu. Akaandika hayo katika kitabu chake cha kazi cha kila siku, akaniletea. Mimi nikatia sahihi bila kusoma.

Mnakumbuka mvua za El Niño. Zilianza mwezi wa kumi mwaka ule ule. Mwezi wa kumi na moja daraja lilikwenda, ikabaki nguzo moja imeinama. Watoto wa ng'ambo walikaa nyumbani muhula mzima. Mama mmoja mjamzito alibebwa kwa machela kuzunguka hadi daraja la barabara kuu. Alifika hospitali amechelewa, na mtoto hakuishi. Ndiyo sababu nimesimama hapa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mjinga siku ile nilikuwa mimi niliyeulizwa.

Sasa, mwanafunzi afanye kazi gani? Mimi naona nne.

Ya kwanza ni kutafuta alama za mafuriko. Awatembelee wazee, atazame takataka zilizonasa kwenye miti, apime na kuandika. Aandike mwaka wa 1961, wa 1997 na pia wa 2024. Tena aulize mto unachimba wapi. Maji ya mafuriko hayaangushi daraja kwa kulisukuma tu. Yanafukua mchanga chini ya nguzo mpaka nguzo inakaa juu ya hewa. Tena magogo yakinasa, maji yanapanda nyuma yake kama bwawa.

Ya pili ni kuangalia mchanga. Atie mchanga ndani ya chupa ya kioo, aongeze maji, atikise sana, kisha aiache itulie. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake. Mkiona tabaka la tope ni nene, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine, kwa maana tope linazuia simiti kushika.

Ya tatu ni kuandika zege. Mifuko mingapi ya simiti, karai ngapi za mchanga na kokoto, maji kiasi gani. Mafundi tunapenda kuongeza maji ili zege iteleze, na maji yakizidi zege inakuwa dhaifu. Ajaze zege katika vibao vya mraba vya sentimita 15 kila upande, ili vipande vipelekwe kupasuliwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. Na ahakikishe zege inamwagiliwa maji angalau siku 7. Simiti inahitaji maji ili ikomae.

Ya nne ni kufundisha wanachama wawili wa kikundi. Kila mvua ikiisha, hao wawili watazame nguzo, nyaya, mbao na kingo, waandike walichoona. Mwanafunzi ataondoka, daraja linabaki nanyi.

Na lile swali la kuchora daraja bure? Hapana, jamani. Kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, kazi ya uhandisi ni ya mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Mwanafunzi anaweza kusaidia kupima na kuchora, lakini mhandisi aje mwenyewe mtoni, akague na kutia sahihi. Ulizeni ofisi ya barabara ya kaunti. Hata penye wahandisi mambo huharibika: mwezi wa Juni 2017 daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, huko Budalang'i, lilianguka kabla halijamalizika. Basi msione aibu kuuliza, na msimkaripie anayeuliza.

Namna ya kumpokea: aje na barua ya chuo na bima ya ajali. Mwonyesheni mahali salama pa kulala, na kama ni msichana mlitazame jambo hili kwa makini zaidi. Elewaneni juu ya chakula na nauli siku ya kwanza. Apate kofia ngumu na viatu, na asiingie mtoni peke yake. Mchagulieni mtu mmoja wa kumwangalia. Mwalimu wake akija kumkagua, mwambieni ukweli juu ya kazi yake.

Na kile kitabu chake, kisomeni kabla ya kutia sahihi. Daraja letu jipya lilijengwa juu ya alama aliyoipima yule msichana, na maji hayajalifikia tena. Lakini ilitubidi tulijenge mara mbili, na kuna nyumba moja ambayo bado nikipita naona haya.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Mafuriko makubwa katika mto wetu yalifika wapi? Ni nani anayekumbuka, na je, imeandikwa?
2. Daraja letu lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani?
3. Tukiletewa mwanafunzi mwezi ujao, nani atamwangalia, na tutampa kazi gani?