Kufikika kwa Vitabu vya Kiada kwa Wasomaji Wenye Ulemavu: Suala la Faili na Picha

Chapisho linalofikika ni lile ambalo msomaji mwenye ulemavu hulipata wakati uleule na kwa bei ileile anayolipata mwenzake. Maumbo yake yanajulikana: breli, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, vitabu vya kusikiliza, faili zinazosomwa na kompyuta kwa sauti, na video za Lugha ya Ishara ya Kenya. Sheria nayo ipo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inatambua haki ya kutumia Lugha ya Ishara na breli. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za wasioona bila idhini ya mwenye hakimiliki. Viziwi hawamo katika mkataba huo, na pengo hilo halijazungumziwa vya kutosha.

Kazi hukwama kwenye faili. PDF iliyoandaliwa kwa ajili ya mtambo wa uchapaji haitofautishi kichwa na aya. Safu mbili husomwa zikiingiliana, na jedwali la hesabu hugeuka mkururo wa tarakimu. Mnakili wa breli hulazimika kuchapa upya sura nzima. Muhula huisha kitabu kingali mezani pake, ilhali mchapishaji anayo faili safi tangu siku ya kwanza.

Picha ndizo ngumu zaidi. Vitabu vya mtaala wa umilisi vimejaa agizo la kutazama picha na kueleza kinachoonekana. Chukua ukurasa wenye picha ya soko: muuza mboga, mizani, na kibao chenye bei ya sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Maswali yanayofuata yote yanategemea kibao. Breli ikiandika "picha ya soko" pekee, mtoto asiyeona hana cha kujumlisha. Maelezo yanayofaa hutaja kila bei na kuiacha rangi ya leso ya muuzaji. Anayejua picha iliwekwa kwa nini ni mwandishi. Mnakili hubahatisha, na kosa lake humgharimu mtoto alama. Ramani na mchoro wa moyo huhitaji pia mistari ya kugusa kwa vidole, iliyopunguzwa mpaka ibaki ya lazima tu.

Hofu ya wachapishaji kuhusu wizi wa kazi zao ina msingi na inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, faili inaweza kukabidhiwa kwa mkataba wa kutunza siri.

Inapendekezwa kwamba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya isiidhinishe kitabu kisichoambatana na faili yenye vichwa na majedwali yaliyotambulishwa. Maelezo ya picha yaandikwe na mwandishi wakati wa kuhariri. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiwafunze walimu wanafunzi kuyaandika. Kwa shule za viziwi kama zilizoko Mumias, vitabu vya sayansi viwe na video za istilahi kwa Lugha ya Ishara, na sheria ya hakimiliki iwataje viziwi waziwazi. Wasomaji wa breli walipwe kuhakiki kabla ya uchapaji. Na inarudiwa, kwa kuwa imependekezwa mara nyingi bila kutekelezwa: faili safi itolewe siku ileile kitabu kinapopelekwa kiwandani.