Bega Likiganda, Sindano Yaweza Kusaidia

Msikilizaji, bega likikuuma usiku, na mkono haufiki kichwani wala mgongoni, huenda limeganda. Tatizo hili huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, hasa wanawake na wagonjwa wa kisukari. Mfuko unaozunguka kiungo huvimba, ukawa mnene na kukaza.

Si lazima upasuaji. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo hutuliza maumivu, na hufaa zaidi mapema, kabla bega halijakakamaa kabisa. Wengine hudungwa maji ya chumvi pamoja na ganzi ili mfuko utanuke. Nafuu ikipatikana, fanya mazoezi uliyoelekezwa, tafadhali usiyaache!

Mwenye kisukari, mwambie daktari kabla ya kuchomwa. Steroidi huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ipime mara kwa mara.